Nzito, Aliyetua kwa Kisigino

Ndugu, majirani, wanaklabu na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza: jina la vyeti la marehemu dada yetu wengi wenu mmeliona leo kwa mara ya kwanza, kwenye jalada la ratiba hii. Kwetu na kwenu alikuwa Nzito, na humu tutamwita hivyo.

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kike. Kikao cha familia kilimpa kazi hiyo Jumatano asubuhi, kwa sababu ndiye aliyemkunjia marehemu parachuti kwa miaka kumi na tisa. Mjomba wao alisema mtu aliyezoea kuingiza kitambaa cha kutandika chumba kizima kwenye mfuko wa kiasi cha begi la shule hatashindwa kuingiza miaka hamsini na sita kwenye kurasa chache. Mdogo wake akakubali. Wiki hii amekuwa akikubali kila anachoambiwa.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Juni 1968, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa karani wa mizani na mshonaji wa sare za shule. Kadi ya kliniki iliandikwa kilo nne na nusu. Baba, ambaye maisha yake yote alipima magunia kwenye ghala la nafaka na hakuwahi kuamini kipimo cha mtu mwingine, alingoja mtoto afikishe wiki moja, akamfunga kwenye shali, akaenda naye kazini. Alimlaza juu ya mizani, akatoa uzito wa shali, akarudi nyumbani na majibu yake.

"Kilo tano kasorobo," akamwambia mkewe. "Hospitali walitupunja."

"Si amenyonya wiki nzima, baba mtoto," mama akamjibu, lakini baba hakutaka kusikia. Huko ghalani mpakuaji mmoja alikwisha andika kwa chaki kwenye ubao wa mizigo iliyopokelewa siku ile: *Moja, nzito.* Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na jina hilo, na halikumtoka tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na sekondari kuanzia 1982 hadi 1985. Kwa wanaomjua kama bingwa, kipindi hiki kitawashangaza. Nzito alikuwa mwoga wa kupanda juu. Jengo la sekondari lilikuwa na ghorofa mbili na ngazi ya nje yenye reli ya chuma, na kwa miaka minne alipanda akiwa ameegemea ukutani, begi kifuani, wenzake wakimpita huku wanamcheka. Darasa lake likihamishiwa juu, yeye ndiye wa mwisho kufika na wa mwisho kuteremka. Kwenye ripoti yake ya kidato cha tatu, mahali palipoandikwa "Michezo", mwalimu wa darasa alijaza maneno mawili: "Hashiriki kabisa." Ripoti hiyo marehemu aliitia kwenye fremu. Mpaka leo imetundikwa sebuleni kwake, na medali yake ya kwanza ya dunia imening'inizwa kwenye kona ya fremu hiyohiyo. Wageni walipouliza, alisema mwalimu hakukosea, aliwahi tu.

Mwaka 1986 alijiunga na chuo cha hali ya hewa, akamaliza Desemba 1988, na mwezi Januari mwaka uliofuata akaajiriwa kwenye uwanja mdogo wa ndege kama msaidizi wa vipimo. Baba alifurahi mno. Alisema angalau mtoto mmoja amerithi mizani, hata kama anapima hewa. Baba alifariki mwaka huohuo mwezi wa Novemba, kwa hiyo yaliyofuata hakuyaona.

Chumba cha vipimo kilikuwa na meza moja, simu nyeusi, dirisha linalotazama njia ya ndege, na daftari la mistari. Kila nusu saa Nzito alitoka nje, akasoma kasi na mwelekeo wa upepo, akaandika, akapiga simu. Kazi ilimkaa. Alikuwa mtu wa kuangalia nyasi na moshi na nguo kwenye kamba, na baada ya mwaka mmoja aliweza kutaja kasi ya upepo kabla hajatazama chombo.

Upande wa pili wa uwanja huo palikuwa na klabu ya parachuti. Iliendeshwa na askari mstaafu tuliyemwita Sajini, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Mara nyingi Sajini alitaka kurusha watu wakati daftari la Nzito linasema upepo umezidi, na mara nyingi walikorofishana kwenye mlango wa chumba kile.

"Binti," Sajini akamwambia siku moja, "hicho kijidaftari chako kinasema upepo mkali. Wewe umeshawahi kuwa ndani ya upepo, au unausoma tu kama gazeti?"

Nzito, ambaye hakupenda kudharauliwa mbele ya simu yake, akajibu, "Jumamosi nitakuwemo."

Alisema baadaye kwamba maneno yale yalitoka yenyewe. Hata hivyo Jumamosi ya tarehe 14 Machi 1992 alipanda ndege ya klabu, akatapika ndani ya kofia yake, akaruka. Alifumba macho mpaka chini. Alitua mita mia sita kutoka alipotakiwa, katikati ya mechi ya mpira ya shule jirani, na mwamuzi akapuliza filimbi. Hatujui mpaka leo aliona kosa gani.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Mdogo wake alimuuliza kwa nini, kama anaogopa kiasi kile. Nzito alimwambia kwamba kule juu, baada ya parachuti kufunguka, aliusikia upepo ukigeuka mwelekeo kama alivyouandika daftarini nusu saa kabla, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anachokiandika kipo kweli.

Mama alichelewa kujua. Aligundua mwaka 1993, marehemu alipomletea nguo ya kazi iliyochanika magoti.

"Hii suruali ya kazi gani?" mama akauliza.

"Ya kurukia, mama."

"Kurukia nini?"

"Kutoka kwenye ndege."

Mama alichomeka sindano kwenye kijimto chake cha kushonea, halafu akauliza swali moja tu: "Na huo mwavuli wenyewe, kaushona nani?" Kesho yake alidai uletwe. Aliukagua mshono kwa mshono sakafuni kwa siku mbili, miwani puani, hakutoa sifa wala lawama, akaurudisha. Ndivyo alivyofanya kwa kila parachuti mpya kwa miaka yote. Uwanjani hakuwahi kwenda kutazama.

Mchezo aliouchagua marehemu ni wa kutua kwenye shabaha. Kwa wasioujua: mrukaji hutoka kwenye ndege kama kilomita moja juu, na chini kumetandikwa godoro kubwa la upepo lenye kidude cha njano katikati, kidogo kama kifungo cha koti. Anatakiwa akiguse kidude hicho kwa kisigino kabla sehemu nyingine ya mwili haijagusa chochote. Akikipata, anaandikiwa sifuri. Akikikosa, zinaandikwa sentimita alizokikosea, na asiyefika karibu huandikiwa kumi na sita. Miruko ni kumi, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Nzito alitua kwa kisigino cha kushoto. Watu walisema ana bahati. Mdogo wake, aliyemwona akifanya mazoezi ya kushuka kwenye stuli ya jikoni mara mia kwa siku, hakuwahi kulitumia neno hilo.

Tarehe 12 Oktoba 1996 marehemu alifunga ndoa na fundi wa majokofu. Habari yao ni fupi. Friji ya kantini ya klabu iliharibika, fundi akaitwa. Nzito akaingia na kofia mkononi, akaomba maji baridi. Fundi akasema, "Kesho." Kesho yake akaomba tena, akaambiwa kesho. Jambo hili liliendelea wiki tatu, Sajini akaanza kutukana. Siku ya harusi mpishi wa kantini alisimama mbele ya watu akasema friji ile ilipona siku ya kwanza, saa tano asubuhi, na kila siku fundi alikuwa anachomoa waya kabla ya Nzito kuingia. Bwana harusi hakukana. Walijaliwa mtoto mmoja, binti yao, aliyezaliwa tarehe 17 Mei 1999, na ambaye leo ni mwalimu wa chekechea.

Sasa mdogo wake lazima aeleze habari ya mwaka 2002, kwa kuwa wanaklabu wengi wanaijua kwa kuhadithiwa, na imeanza kuongezwa chumvi.

Mdogo wake alianza kazi ya kumkunjia parachuti mwaka 1995. Alitumia vibanio saba vyekundu vya kushikilia mikunjo ya kitambaa isifumuke kabla ya kufunga mfuko. Kabla ya kufunga, kila kibanio hutolewa na kurudishwa kwenye kisanduku cha bati, kisha vinahesabiwa. Kimoja kikibaki ndani, kinaweza kuikamata parachuti isifunguke. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Haina zaidi.

Jumapili, tarehe 18 Agosti 2002, ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya dunia. Baada ya miruko tisa Nzito alikuwa anaongoza kwa sentimita mbili. Hakuna mtu wa klabu yetu, wala wa nchi yetu, aliyewahi kufika hapo. Upepo ulikuwa unapanda na majaji walikuwa na haraka. Mdogo wake alikunja kwenye zulia la kijani ndani ya hema, akafunga mfuko, mtu akamwita asaini karatasi, akasaini. Nzito alitapika kwenye ndoo yake ya bluu kama kawaida, akasukutua, akavaa, akaenda kwenye ndege. Mdogo wake akarudi kwenye kisanduku kuhesabu.

Vilikuwa sita.

Akahesabu tena. Akainua zulia. Akapekua mifuko yake yote. Nje panga la ndege lilikuwa limeshaanza kuzunguka. Alitoka mbio kukata uwanja, ambapo hakuna anayeruhusiwa kukanyaga, akasimama mbele ya ndege na mikono juu. Rubani akakata injini. Mkuu wa majaji alikuja anapiga kelele. Nzito akateremka.

"Kuna nini?"

"Kibanio kimoja sikioni, dada."

"Una hakika kimo humu?"

"Sina hakika kama hakimo."

Nzito alimtazama kidogo tu. Hakutazama ndege, wala majaji. Alivua mfuko mgongoni, akauweka kwenye nyasi, akavuta kishikizo mwenyewe. Kitambaa chote kikamwagika. Wakakipekua kipande kwa kipande, mdogo wake amepiga magoti, na ndege ikaondoka na wengine kwa sababu upepo haukungoja mtu. Hakikuwemo. Ndipo jaji msaidizi, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi, akamgusa mdogo wake begani.

"Samahani, mwanangu. Una kitu mgongoni."

Kilikuwa kimebana fulana yake, nyuma, karibu na mshono wa bega.

Nzito aliandikiwa kumi na sita. Alimaliza wa sita.

Jioni ile walikuwa kwenye chumba cha hosteli chenye vitanda viwili na kabati lisilofungika. Mdogo wake alikuwa ameshapanga nguo zake zote kwenye begi.

"Naacha," akasema. "Tafuta mkunjaji mwingine."

"Ulihesabu ngapi?"

"Dada, tafadhali."

"Nakuuliza. Ngapi?"

"Sita."

"Vinatakiwa?"

"Saba."

"Basi. Ulipaswa kufanya nini, unipungie mkono?"

"Kilikuwa mgongoni kwangu! Dunia nzima imeona!"

"Mimi ningekuwa juu," Nzito akasema, "wewe chini na vibanio vyako sita. Hebu fikiria hizo dakika, mdogo wangu." Akazima taa, akageukia ukuta. Kesho yake waliondoka pamoja.

Hapo ndipo wanaohadithia huishia, na humfanya marehemu awe malaika. Hakuwa. Safari nzima ya kurudi hakusema neno. Nyumbani alipitisha siku kadhaa bila kupokea simu ya mdogo wake. Miaka tisa baadaye, wawili hao wakianika parachuti nyuma ya klabu, alisema ghafla, bila kuulizwa, "Unajua mwaka ule nilikuchukia mpaka Alhamisi?"

"Alhamisi ikawaje?"

"Sijui. Nilichoka. Nikaona nikikuchukia mpaka Ijumaa itanibidi nikununulie zawadi ya kukuomba radhi."

Mwaka 2004, Jumapili ya tarehe 5 Septemba, Nzito alikuwa bingwa wa dunia kwa jumla ya sentimita nne. Mwaka 2006 alirudia, kwa sentimita tatu. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mama wa mtoto mmoja, na mchana wa Jumatatu iliyofuata alikuwa amerudi kwenye chumba cha vipimo anapiga simu ya upepo. Magazeti yalimwita shujaa wa anga. Mama aliyasoma, akauliza kama mshono wa kulia wa parachuti umeshika.

Aliacha mashindano mwaka 2014, na mdogo wake akaacha kukunja. Marehemu aliendelea kufundisha. Jambo alilolisimamia kuliko yote aliliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe ukutani pa klabu: *Yeyote akisema simama, ndege haiondoki, na haulizwi kwa nini mpaka isimame.* Sajini, ambaye alikuwa amezeeka na bado anapiga kelele, alilalamika kwamba klabu itageuzwa kituo cha basi. Kweli mwaka wa kwanza ndege ilisimamishwa mara kumi na moja. Mara tisa ilikuwa bure. Mara moja kulikuwa na mbwa njiani. Mara moja ni mpishi wa kantini, aliyekuwa anamwaga maji ya vyombo, aliyeona kamba ya mguu wa mrukaji inaning'inia. Mrukaji yule, karani wa benki, yuko nasi hapa leo na wanawe watatu. Alipomshukuru Nzito, Nzito alimwelekeza jikoni.

Mwezi Februari 2021 marehemu alianza kuhisi ganzi kwenye kisigino cha kushoto. Alidhani ni kiatu. Akabadilisha kiatu. Mwezi wa Aprili alikanyaga msumari nyumbani na akajua tu alipoona damu sakafuni. Madaktari walikuta uvimbe kwenye uti wa mgongo. Alifanyiwa upasuaji tarehe 3 Juni mwaka huo, akarejea kutembea kwa fimbo, akarudi klabuni kufundisha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mwanzoni mwa mwaka 2024 uvimbe ulirudi, na safari hii ulikuwa umesambaa. Alielezwa juu ya upasuaji wa pili na alichoweza kukitegemea. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamuuliza maswali manne, akaandika majibu kwenye daftari, akakataa. Mumewe alitoka nje ya chumba kile akakaa kwenye ngazi. Binti yao alimkasirikia mama yake wiki mbili, akamwambia waziwazi, na marehemu akamwacha akasirike.

Mama wa marehemu hakuambiwa. Walikubaliana kumficha mpaka wapate maneno. Mama alimtazama marehemu siku moja amekuja kumsalimia, amevaa gauni alilomshonea yeye mwenyewe, akamwita mdogo wake kando.

"Mnanificha nini?"

"Hakuna, mama."

"Mimi nimeshona watu miaka arobaini na tano. Najua kiuno kinavyopungua kwa kujinyima, na najua kinavyopungua kwa jambo lingine. Mnanificha nini?"

Akaambiwa. Alilichukua lile gauni, akalipunguza pande zote mbili. Mwezi uliofuata akalipunguza tena.

Wodini marehemu alikuwa kitanda namba kumi na moja, karibu na dirisha. Aliwaeleza manesi mapema kama mvua itanyesha, nao wakaanza kumuuliza kabla ya kuanika sare zao. Alimpa mdogo wake maagizo kuhusu wasifu huu, na mdogo wake anayatimiza.

"Usije ukaandika nilikuwa jasiri," alisema.

"Niandike nini sasa?"

"Andika niliogopa kila mara. Na andika idadi."

Marehemu aliruka mara elfu nne mia mbili na kumi na saba. Aliogopa mara zote.

Jumanne, tarehe 22 Oktoba 2024, mchana, walikuwa watatu pale kitandani: marehemu, mumewe na mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anamkata kucha za mkono. Ukutani nyuma yao kulikuwa na friji ya dawa ya wodi iliyokuwa inanguruma tangu asubuhi. Marehemu, ambaye siku mbili hakuwa amezungumza sana, alifumbua macho akamwambia mumewe, "Baba, hicho kitu kinanikera."

Mumewe alimwangalia nesi, nesi akasema, "Tungeshukuru sana, mzee. Fundi wetu tumemngoja tangu wiki iliyopita." Basi akatoa bisibisi kwenye mfuko wa koti, kwa sababu hajawahi kutembea bila bisibisi, akapiga magoti nyuma ya friji. Mdogo wake aliendelea na kucha. Alikuwa kwenye kidole cha pete. Ilipita kama robo saa. Mngurumo ukapungua, ukakatika, na wodi nzima ikawa kimya kiasi cha kusikia saa ya ukutani. Ndipo mdogo wake aligundua kwamba hasikii pumzi. Aliangalia kifua. Akangoja.

"Imekubali," mumewe akasema kutoka nyuma ya friji, na akainuka akijipangusa magoti.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi.

Mdogo wake alimaliza kukata kucha za mkono ule. Zilikuwa zimebaki mbili. Halafu nesi alikuja, daktari akaja, mume akakaa, akamshika mkewe mguu juu ya shuka na hakuuachia mpaka alipoombwa. Mdogo wake alianza kukunja blanketi. Alilikunja mara nane, likawa dogo na gumu kama tofali, na nesi akamwambia, "Acha, mama, hilo tutalikunja sisi." Akaliacha. Alitoka nje akakuta magari yanapita, muuza magazeti anabishana na mteja, akasimama hapo akijaribu kukumbuka anapaswa kumpigia nani kwanza. Akampigia mama. Mama aliuliza saa, akaambiwa. Akauliza kama alikuwa na maumivu, akaambiwa hapana. Akasema, "Haya, mwanangu," akakata simu.

Tangu siku hiyo mdogo wake ameosha vikombe vya wageni, ameandika orodha ya viti, amekwenda kuchukua cheti na kusimama kwenye foleni ya dirisha namba tatu kwa saa moja na nusu. Amekaa meza ya marehemu kuandika haya, na tarehe zote zilimjia bila shida.

Marehemu ameacha mama mzazi, mwenye umri wa miaka themanini na mitano. Ameacha mume, aliyeishi naye miaka ishirini na minane. Ameacha binti mmoja, mdogo wake mmoja, mjomba, binamu na shangazi wengi, na wanafunzi mia tatu arobaini na wawili aliowarusha na kuwashusha wote wazima.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi, wanaklabu, wafanyakazi wenzake wa chumba cha vipimo, na kila aliyeleta kiti, chakula au bega lake.

Mdogo wake anajua mnamtazama na kungoja alie. Anawaomba radhi. Jana asubuhi shemeji yake alimkuta jikoni amesimama mbele ya bomba lililo wazi, maji yanakwenda. Akalifunga, akamvutia stuli, akamwambia, "Hakuna anayekukimbiza, shemeji. Kaa." Akakaa. Bado amekaa. Siku yake ya kulia itafika, labda barabarani, labda akiwa dukani ananunua sabuni, na mkimkuta hivyo msishangae, mshikeni tu mkono mpaka amalize.

Mwenyezi Mungu ampokee dada yetu, na mapumziko yake yawe ya amani.